Akili mnemba ofisini: anza na yule anayeikataa

Katika ofisi nyingi za Arusha hutasikia mtu akipinga jambo kikaoni. Mkurugenzi atatangaza kwamba kuanzia wiki ijayo barua pepe za wageni zitajibiwa kwa msaada wa akili mnemba (AI), watu wataitikia kwa vichwa, mmoja atasema "sawa bosi, hilo ni jambo zuri", na kikao kitafungwa. Ukiulizia baada ya wiki kadhaa, mtandao ulikuwa unasumbua. Nywila imepotea. Wageni walikuwa wengi, tutaanza mwezi ujao. Huo ndio upinzani wenyewe, na usipoutambua utaendelea kununua bando ukidhani tatizo ni intaneti.

Mimi ni msimamizi wa rezavesheni na operesheni katika kampuni ya utalii, ofisi zetu ziko upande wa Njiro. Nilianzia kaunta, ratiba za safari zikitumwa kwa faksi. Nimeona barua pepe ikiingia, kisha WhatsApp, sasa hii. Ninamwandikia mwenzangu aliyeitwa na bosi wake akaambiwa "shughulikia hilo suala la akili mnemba", halafu akaachiwa ofisi nzima isiyolitaka. Kazi hiyo inafanyika. Ila wengi huianza kwa kuwakusanya vijana wanaopenda kompyuta, wakiamini wengine watafuata. Mimi nakushauri uanze na yule anayekataa kuliko wote, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeijua kazi kuliko wote.

Sikiliza, lakini si kikaoni

Zunguka kwa mtu mmoja mmoja. Chai ya saa nne ni wakati mzuri, au jioni watu wakifunga mafaili. Usimuulize "unaionaje teknolojia hii?", utapewa jibu la adabu. Muulize: katika kazi yako, ni kitu gani ambacho mtu aliye nje ya ofisi hii hawezi kukijua? Kisha muulize: jambo hili likienda vibaya, nani ataumia? Nyamaza, acha aongee. Andika baadaye, si mbele yake, maana kalamu ikitoka tu watu huanza kuongea kama wako mbele ya kamati ya nidhamu.

Utagundua kwamba kinachoonekana kama ukaidi wa aina moja ni mambo kadhaa tofauti. Yupo anayeogopa kibarua kuota nyasi, na ana watoto shuleni. Yupo aliyejenga jina kwa miaka mingi kuwa ndiye anayejua Serengeti yote kwa kichwa, sasa anaona kijana wa jana akipewa sifa kwa kubonyeza kitufe. Yupo aliyechoka tu: aliwahi kuletewa mfumo mpya wa kuhifadhi oda, akahudhuria mafunzo, akaingiza taarifa usiku na mchana, kisha mfumo ukaachwa na hakuna aliyemwambia chochote. Yupo anayeuliza pasipoti za wageni zitakuwa zinakwenda wapi. Na yupo aliyekwisha kuijaribu nyumbani kwa simu yake, akaikuta inasema uongo bila kupepesa macho, na hawezi kuelewa kwa nini sisi wenye vyeo hatujaliona hilo.

Hakuna semina moja inayowajibu wote hawa. Mafunzo humsaidia asiyejua kutumia, na hao ni wachache kuliko wakurugenzi wanavyofikiri. Aliyechoka hahitaji mafunzo, anahitaji kuambiwa kwa uaminifu mfumo ule uliishia wapi na fedha zake zilikwenda wapi. Anayeogopa kibarua anahitaji karatasi.

Swali la kibarua lijibiwe kwa maandishi

Kabla hujafungua kompyuta kumwonyesha mtu yeyote chochote, nenda kwa bosi umuulize waziwazi: kuna mtu unayepanga kumpunguza? Usikubali jibu la "tutaona". Kama jibu ni hapana, mwombe aliandike na kulisaini, na liwe na tarehe. Kwetu lilikuwa aya moja fupi: mpaka msimu wa Oktoba uishe hakuna mfanyakazi atakayeondolewa, kupunguziwa mshahara wala kuhamishwa kwa sababu ya matumizi ya akili mnemba. Lilibandikwa kwenye ubao karibu na jiko la ofisi, mahali ambapo hata walinzi na wafanya usafi hupita. Nilipendelea muda wenye mwisho kuliko neno "kamwe", kwa sababu hakuna mtu mzima anayeamini "kamwe" ya mwajiri.

Na kama jibu la bosi ni ndiyo, anapanga kupunguza watu? Basi usimsaidie kulificha chini ya kapeti la mafunzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aweke wazi taarifa zinazohusika, na afanye mashauriano kabla: sababu ni nini, njia gani zinaweza kuepusha hatua hiyo, watakaoondoka watachaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Wasipokubaliana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Mtu anayezijua haki zake hukaa mezani akiwa ametulia. Asiyezijua hupigana na kompyuta kwa sababu haoni kingine cha kupigana nacho. Mimi nasema wazi: ukiombwa uwafundishe watu kifaa ili baadaye wao wenyewe waondolewe bila kuambiwa, kataa. Hiyo si kazi ya kubadilisha mawazo ya watu, ni kuwahadaa.

Chagua kazi wanayoichukia

Kila ofisi ina kazi moja ambayo watu huisukuma kesho yake. Kwetu ni majibu ya usiku. Mgeni wa Marekani anaandika saa ambayo sisi tumelala, na mawakala wa Ulaya wanataka ratiba ileile kwa Kijerumani, Kifaransa na Kihispania. Dada wa rezavesheni alikuwa anafika asubuhi anakuta rundo la maswali yanayofanana: Tutahitaji visa? Chanjo gani? Tuvae nini mlimani? Hapo ndipo pa kuanzia. Akili mnemba inaandika rasimu, yeye anaisoma, anairekebisha, anaituma kwa jina lake.

Usianze na kazi ambayo mtu anajivunia. Kupanga magari ya Agosti, watu wakigombania kila Land Cruiser iliyopo mjini, ni fani. Kumtuliza mgeni ambaye mizigo yake haijafika KIA ni fani. Ukizigusa hizo mwanzoni umeshamwambia mtu kwamba kile anachokifanya vizuri kuliko wote si kitu. Ziache. Pengine utakuja kuziangalia baadaye, pengine hutakuja.

Wakati nao una maana yake. Kwetu sisi wa utalii mwezi wa kujaribu jambo ni Aprili au Mei, masika, wageni wakiwa wachache na magari yako gereji. Anayeleta kifaa kipya Julai anatafuta ugomvi. Shule ina likizo zake, mhasibu ana miezi yake ya mahesabu, hospitali haina msimu wa kupumzika kwa hiyo inabidi kitengo kimoja kipunguziwe mzigo kwanza. Tafuta masika ya ofisi yako.

Mpe anayekataa kalamu nyekundu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mambo yalipogeuka kwetu.

Tuna mzee wetu wa operesheni. Alianza kama dereva enzi za Land Rover, akazeeka na barabara zile, sasa ndiye anayepanga magari na madereva. Nilipomfikia alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwanangu, hicho kitu mimi sikigusi." Sikubishana naye. Niliiambia akili mnemba iandike ratiba ya familia yenye watoto wawili: Tarangire, Karatu, Ngorongoro, Serengeti, na mwishoni baba apande Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nikaichapisha kwenye karatasi, maana mzee anasoma karatasi. Nikaiweka mezani kwake na kalamu nyekundu juu yake. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Naomba unisaidie: hii ikimfikia mgeni kama ilivyo, nini kitatokea?"

Alivaa miwani, akasoma kimya. Duara la kwanza lilikuwa kwenye siku ya kutoka Karatu kwenda Seronera, katikati ya Serengeti. Mashine iliweka saa chache tu na chakula cha mchana kambini, kwa sababu kwenye ramani hazifiki hata kilomita mia mbili. Mzee aliandika pembeni: geti la Loduare, ukungu wa ukingo wa kreta asubuhi, barabara ya vumbi inayotikisa gari, karatasi za geti la Naabi, na watoto wanaoomba kusimama. Duara la pili: gari lilishushwa kreta kwa barabara ya Lerai, wakati Lerai ni ya kupandia na Seneto ndiyo ya kushukia. Duara la tatu lilimfanya avue miwani. Mgeni anakuja Februari, na ratiba ilimwahidi kuona nyumbu wakivuka Mto Mara. Februari nyumbu wako kusini, upande wa Ndutu, wanazaa. Kuvuka Mara ni habari ya Julai hadi Oktoba. "Huyu mgeni," akasema, "atashuka kwenye gari anadai pesa yake, na atakuwa na haki." Na kule Marangu baba alikuwa ameandikiwa hema, ilhali Marangu ndiyo njia ya vibanda: Mandara, Horombo, Kibo.

Akageuza karatasi. Nyuma yake aliandika mambo ambayo hakuna aliyemuuliza: familia yenye watoto wadogo ilale wapi ili wasiamke usiku wa manane, mgeni aliyetoka ndege ya usiku asipelekwe porini asubuhi hiyohiyo, dereva apewe siku ya kupumzika baada ya safari ya namna gani. Ule upande wa nyuma ulikuwa na thamani kuliko ratiba yenyewe. Ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja, haujawahi kuandikwa popote, na siku akistaafu ungeondoka naye.

Kuanzia hapo tuna kaunta buku mezani kwake. Kila ukurasa una safu nne: tuliiuliza nini, ilijibu nini, ukweli ni upi, nani amesahihisha. Safu ya nne ndiyo muhimu, usiiondoe ili kuokoa nafasi. Jina la mtu likiandikwa pale, masahihisho si lawama tena, ni mchango wake. Ijumaa tunaipitia pamoja, na yale yanayojirudia yanaingizwa kwenye karatasi ya maelekezo ambayo dada wa rezavesheni huipa mashine kabla ya kuanza kazi yoyote. Mzee hajawahi kuchapa neno hata moja kwenye kompyuta ile, wala hahitaji. Lakini hakuna ratiba inayotoka bila saini yake, na yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema "leo hatuitumii", akasikilizwa.

Ili hili lifanye kazi ni lazima uwaeleze watu, kwa lugha ya kawaida, kwa nini mashine inakosea namna ile. Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, imejengwa kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, na inajibu kwa kukadiria neno gani linafaa kufuata lingine. Usitegemee kwamba ina orodha sahihi ya viingilio vya mwaka huu vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mpaka uipe. Ikikosa jibu, mara nyingi haitasema "sijui", itatunga linalofanana na jibu. Mtu akishalielewa hilo, kosa la mashine halimshtui wala halimfurahishi. Anajua tu pa kuchungulia: bei, tarehe, umbali, majina ya mageti, majina ya hoteli.

Jambo hili la kumpa mtu sauti halikuanza na kompyuta. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha utafiti wao wa kiwanda cha nguo za kulalia katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Kiwanda kilikuwa kinabadilisha namna ya kufanya kazi, na wafanyakazi hawakutaka. Kundi moja liliambiwa tu kwamba mabadiliko ndiyo haya, likaeleweshwa sababu, likarudi kazini. Uzalishaji ulishuka na haukuinuka, malalamiko yakaanza, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Makundi yaliyoshirikishwa yote katika kupanga kazi mpya yalirudi kwenye kasi yao upesi, yakaipita kwa kama asilimia 14, na hakuna aliyeacha. Angalia vizuri: hata lile kundi la kwanza lilieleweshwa. Maelezo mazuri hayakutosha. Walichokosa ni mkono wao ndani ya mpango.

Kufundisha bila kumvunjia mtu heshima

Sipendi semina ya hotelini yenye projekta. Watu wanakula vizuri, wanapiga picha, wanarudi kama walivyokwenda. Fundisha mezani kwa mtu, kwenye kazi yake ya siku hiyo, kwa Kiswahili, na kwa bando la kampuni. Hilo la bando lisikupite. Ukimwambia mtu ajifunze kwa simu yake na fedha yake umemkata mshahara, na atakujibu kwa kutojifunza.

Usimweke kijana kumfundisha mtu wa umri wa baba yake mbele ya ofisi. Hata akiwa na adabu, mzee ataaibika, na aibu hiyo itageuka kuwa upinzani usioisha. Waketi wawili, mlango ukiwa umefungwa, wakigawana kazi: kijana anachapa, mkubwa anaamua swali gani liulizwe na jibu gani linafaa. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Kwa anayeona taabu kuchapa, mwonyeshe namna ya kuongea na simu ikaandika. Madereva wetu walilipenda hilo, kwa sababu ripoti ya gari baada ya safari walikuwa wanaiandika kwa shida, na sasa wanaisema wakiwa wameegemea boneti.

Waambie pia ukweli kuhusu Kiswahili. Mashine hizi zimesoma Kiingereza kingi kuliko lugha yetu, na Kiswahili chake wakati mwingine kina harufu ya tafsiri. Mtu asiambiwe kwamba yeye ndiye hajui kuuliza.

Pasipoti, fomu za afya na nani anajibu

Yule aliyeuliza pasipoti zinakwenda wapi alikuwa sahihi kuliko wote, na mara nyingi ndiye anayeambiwa analeta maneno. Kampuni inayopandisha watu mlimani ina fomu zenye taarifa za kisukari, presha, pumu, ujauzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Anayekusanya taarifa binafsi anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo weka kanuni fupi inayokumbukika bila kusoma: jina la mgeni, namba ya pasipoti, kadi ya benki na habari za afya haviingii kwenye programu ya bure ya akili mnemba. Rasimu iandikwe kwa "mgeni A". Kisha mkabidhi yule aliyeuliza jukumu la kusimamia kanuni hiyo. Ameshaonyesha kwamba analiona tatizo.

Kuhusu nani anajibu kosa likitoka nje, nawasimulia wenzangu kesi ya Air Canada. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza programu ya maongezi kwenye tovuti ya shirika hilo kuhusu nauli nafuu ya msiba. Ikamwambia anaweza kukata tiketi kwanza na kuomba punguzo baadaye, jambo ambalo utaratibu wa shirika haukuruhusu. Shirika lilijitetea kwamba programu ile ilikuwa kama chombo kinachojitegemea, kinachowajibika kwa maneno yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa hoja hiyo na kuliamuru limlipe, jumla ya dola za Kanada 812 hivi. Fedha ni kidogo, ila msimamo ule ni mzito kwa yeyote anayeuza safari: kilichotoka kwenye anwani yako umekisema wewe. Ndiyo maana kila jibu letu lina jina la mtu chini yake, mtu aliyelisoma lote kabla ya kulituma. Na wafanyakazi wakijua kwamba jina lao ndilo litakalobeba lawama, wape muda wa kusoma. Kumdai mtu uwajibikaji huku ukimhesabia dakika ni dhuluma.

Wanaoitumia kimyakimya

Wakati unahangaika na wanaokataa, kuna wengine wanaoitumia tayari bila kusema. Wengi ni vijana, wanatumia simu zao binafsi, na wanaogopa kwamba wakijulikana wataonekana wavivu. Hawa wanaweza kukuletea madhara kuliko wanaokataa, maana hakuna anayesahihisha kazi yao. Tangaza kipindi cha wazi: kila anayeitumia aje aonyeshe anavyofanya, hakuna atakayeulizwa kwa nini hakusema. Halafu utimize, usije ukaitumia siri hiyo kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka. Kwetu kijana wa akaunti alikuja na njia nzuri ya kulinganisha vocha za hoteli na ankara zao, ambayo mimi nisingeibuni.

Kuna ofisi ambazo upinzani hauko ndani tu. Dada yangu yuko kwenye SACCOS moja Moshi, na kule walipofikiria kutumia akili mnemba kuchuja maombi ya mikopo, waliosimama kidete walikuwa wanachama. Mkoa ule una mizizi mirefu ya ushirika, chama cha ushirika cha KNCU kiko tangu 1933, na watu wamezoea kuuliza maswali kwenye mkutano mkuu. Waliuliza: mwanachama akinyimwa mkopo, nani atamweleza sababu? Hilo ni swali zuri mno, na halina jibu la kiufundi. Kamati ya mikopo iliamua kwamba uamuzi unabaki kwao, mashine ipange tu makaratasi na kuonyesha kilichopungua kwenye fomu. Kama ofisi yako ina wanachama, wagonjwa, wazazi au wateja wa siku nyingi, wape nafasi ya kuuliza kabla, si baada ya kuanza.

Muda uliookolewa ni wa nani?

Hili ndilo swali ambalo wakurugenzi hulikwepa, na ndilo linalorudisha upinzani hata pale mwanzo ulipokwenda vizuri. Dada wa rezavesheni akimaliza saa tano kazi iliyokuwa inamchukua hadi saa nane, utafanya nini? Ukimwongezea rundo jingine la barua pepe papo hapo, amejifunza kwamba kuwahi kuna adhabu, na mwezi ujao hatawahi. Kaeni mkubaliane mapema. Sisi tuligawana: sehemu ya muda ni yake, aondoke kwa wakati na kuwahi daladala kabla ya foleni ya jioni, na sehemu nyingine inakwenda kwenye kazi ambayo siku zote ilikuwa haifanyiki, yaani kuwapigia simu wageni waliorudi nyumbani na kuwasikiliza.

Usitumie mashine hiyo kuhesabu watu. Ukianza kulinganisha nani ametuma majibu mangapi, kaunta buku itabaki tupu wiki hiyohiyo, kwa sababu hakuna atakayeandika kosa litakalomrudia. Pima vitu vichache ambavyo wote wanaviona: rasimu ngapi zilihitaji kuandikwa upya, wageni wangapi walirudi na swali lilelile, watu wanaondoka kazini saa ngapi.

Na mwanzoni kabisa, kabla ya jaribio, andikeni pamoja masharti ya kuacha. Kwetu yalikuwa mawili: bei isiyo sahihi ikimfikia mgeni, au taarifa za afya za mgeni zikiingizwa mahali pasipostahili, tunasimama siku hiyohiyo mpaka tujue imekuwaje. Anayekataa husaini karatasi yenye masharti ya kuacha kwa urahisi kuliko karatasi ya kuanza, kwa hiyo mpe hiyo kwanza. Waiandike yeye na wenzake, wewe uichape, bosi asaini wa mwisho. Juni ikifika na wageni wakaanza kumiminika, usiongeze kifaa kingine chochote. Baki na kazi ileile moja, na kaunta buku ileile, mpaka Novemba.